Mafundi mnaofunga betri na alteneta bila kupima, mnatumaliza!

Wakuu, nina hasira na sifichi. Pikapu yangu imefungwa betri mpya, ikafungwa na alteneta nyingine (ile inayozalisha umeme na kuchaji betri injini ikiwaka), vyote kwa kauli ya fundi, na tatizo likabaki palepale. Kumbe ugonjwa ulikuwa waya wa ethi, ile njia ya umeme kurudi hasi ya betri, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Waya tu!

Dalili: asubuhi starta inazunguka kwa kusuasua, usiku nikisimama taa za mbele zinafifia, nikiwasha feni ndiyo balaa kabisa. Fundi akafungua boneti, akaitazama betri, akasema "hii imekwisha". Kwa macho! Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa saa kadhaa, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikifika 12.0 ni robo hivi. Na hata hapo umejua tu kwamba haina chaji, hujajua kama imekufa. Hayo ni mambo mawili na ndipo wanapotupigia. Isiyo na chaji unaichaji kwanza, kisha unaipima kwa mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme mwingi. Hakuna aliyefanya hivyo.

Betri mpya ilikwenda vizuri siku za mwanzo, maana ilitoka dukani imejaa, halafu yakaanza yale yale. Nikamrudia. Sasa sikieni vituko: injini inaunguruma, jamaa kachukua spana namba 10, kalegeza teminali ya hasi, kaichomoa. "Ikizima, alteneta mbovu." Jamani, hii tabia ife! Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu na zinaweza kuunguza dayodi (vipande vinavyonyoosha umeme) za alteneta yenyewe, redio, hata kompyuta ya injini. Na gari lisipozima bado hujathibitisha lolote, kwa sababu hujui zinatoka volti ngapi. Ikazima. Akatabasamu kama daktari aliyeshika picha ya eksirei.

Alteneta ikabadilishwa. Taa zikaendelea kufifia.

Hapo nikachukua multimita, kile kipimo cha umeme, mwenyewe. Injini inawaka, taa kubwa zimewashwa, feni mwisho. Hakikisheni mzigo upo, bila mzigo hasara ya njiani inajificha. Kwenye betri nikapata volti 13.1. Nikaenda kwenye alteneta, ncha moja kwenye nati ya waya mnene wa chaji, nyingine kwenye bodi ya alteneta yenyewe: 14.3. Kwa kawaida chaji hucheza kati ya 13.8 na 14.7. Kwa hiyo alteneta inazalisha vizuri, ila volti 1.2 hazifiki kwenye betri.

Zinapotelea wapi? Ncha moja kwenye nati ya chaji, nyingine kwenye chanya ya betri: 0.1. Upande wa chanya hauna kesi. Kisha bodi ya alteneta na hasi ya betri: 1.1. Hapo haitakiwi kuzidi 0.2! Jumlisheni wenyewe, 13.1 na 0.1 na 1.1 ni 14.3. Hesabu imefunga, mwizi yuko upande wa ethi. Kazi ya dakika chache na kifaa ambacho kila fundi umeme anacho, sijui wengine wanakitunza kwa ajili ya nani.

Kwa nje ule waya ulionekana mzima. Nilipoupinda karibu na kishikio, plastiki ikapasuka na unga wa kijani ukamwagika, ndani zimebaki nyuzi chache za shaba. Upande wa chesisi boliti ilikuwa imekazwa juu ya rangi. Na kuna kitu kilichoniudhi zaidi: kebo ya eksileta ilikuwa inapata moto kila starta ikipigwa kwa muda. Fundi aliishika, akasema ni joto la injini. Asubuhi, injini haijawaka bado, joto lipi hilo? Umeme wa starta ukikosa njia ya kurudi hasi, unapita kwenye kebo yoyote ya chuma inayounganisha injini na bodi. Dalili alikuwa nayo mkononi.

Nimefunga waya mpya mnene, nikapiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza, nikapaka grisi juu yake. Ile 1.1 imekuwa 0.04, betri inasoma 14.2, na starta inashtuka mara moja.

Kabla hamjaniuliza, umeme unaovuja gari likiwa limezimwa nao nimepima. Mita ya ampia kati ya hasi ya betri na teminali yake, kila kitu kimezimwa, nikasubiri karibu saa nzima kompyuta zilale. Miliampia 30. Chini ya 50 hakuna neno. Wenye magari mapya tu msikurupuke na namba zangu za chaji: mengine yana kihisi kwenye hasi ya betri na kompyuta inashusha volti kwa makusudi betri ikijaa.

Sasa turudi kwa fundi. Nimempelekea vipimo, jibu lake eti "lakini si limepona?" Nikadai vitu vyangu vya zamani. Betri aliondoka nayo, haijulikani ilipo. Alteneta anasema ameshamfungia mteja mwingine na inapiga kazi vizuri.

Mafundi umeme mliomo humu, nijibuni: alteneta iliyokufa kwangu inachaji vipi gari la mwenzangu?