MREJESHO: Mfumo wa oda za dagaa uliokuwa unaganda asubuhi

Wakuu, niliwauliza kwa nini mfumo wetu wa oda pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa Mwanza, unaganda kila asubuhi. Wengi mlisema niongeze RAM (memori ya seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo), nikaongeza, haikusaidia kitu. Aliyesema niulize "kwa nini" mfululizo kama Toyota wanavyofanya kutafuta chanzo cha tatizo, mkuu ubarikiwe sana: seva inaganda maana koneksheni za databesi (njia za mfumo kuingia kwenye hifadhi ya data, zina idadi maalumu) zimeisha, zimeisha maana kila oda inang'ang'ania yake mpaka SMS ya mteja itoke, na huduma ya SMS asubuhi inajikokota balaa. Tukaitoa SMS humo ikakaa foleni ya pembeni, oda inaseviwa kwanza, sasa hivi freshi. Ila ripoti ya mwezi bado inakwamisha oda maana inasoma databesi hiyohiyo, bosi anasema hela ya kuiwekea databesi yake hakuna, basi tunaikimbiza usiku. Asanteni sana.