Mazda nyekundu imetoka bandarini wiki mbili sasa: niiwekee filamu ya kulinda rangi, au niiache?

NyotaYaKongowea

Asalaam aleikum ndugu zangu. Ni refu kidogo, naomba mnivumilie.

Gari ni Mazda CX-5 ya 2019, ile nyekundu inayong'aa kama ndani ya komamanga. Imefika na kilomita 46,000. Nimeiwekea akiba miaka minane, na muda wote huo nilikuwa na Vitz ya mkononi mwa mtu. Siku ninaiuza, boneti yake ilikuwa imedonoka kila mahali kama ukuta ulioliwa na chumvi, na mnunuzi alinikata bei kwa sababu hiyo hiyo.

Kilichoimaliza Vitz nakijua. Kazi yanipeleka Voi mara mbili kwa wiki, kilomita 150 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Kuanzia Miritini mpaka ukipita Mariakani uko nyuma ya matrela tu, na pale penye ujenzi ni vumbi na kokoto. Jumatano iliyopita, karibu na Mazeras, nikasikia "tak!" mbele yangu. Nilisimama kituo cha mafuta cha kwanza, nikateremka na kitambaa. Kidonda kama punje ya mtama, juu ya boneti, ndani kweupe. Gari sijaimaliza hata mwezi. Nilirudi nyumbani na uchungu moyoni, nawaambia kweli.

Fundi mmoja wa Nyali ataka 110,000 kwa filamu ya mbele, ile plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi: bampa, boneti, madigadi mbili, vioo vya ubavuni na taa. Gari nzima ni 290,000. Mwingine aniambia niachane na filamu, atanipigia seramiki, dawa ya kupaka juu ya rangi, kwa 35,000 na kokoto "hazitagusa rangi tena". Mume wangu asema pesa hiyo iende kwa matairi, na sioni kwamba amekosea.

Je, filamu yazuia kokoto kweli? Na kwa jua letu hili, yakaa muda gani?

TrelaMbiliMia

Dada, huyo wa seramiki amekudanganya, na sisemi hivyo kwa kumwonea. Seramiki ni nzuri: maji yateleza, uchafu haushiki, kuosha gari kwawa rahisi. Lakini unene wake ni mikroni (elfu moja ya milimita) moja au mbili, wakati unywele wako mmoja ni kama mikroni 70. Kitu chembamba hivyo kitazuia jiwe vipi?

Mimi naendesha trela, kwa hivyo nikwambie yanayotokea huku mbele. Matairi yetu ya nyuma yako mawili mawili, yamekaribiana. Kokoto hunasa katikati, au kwenye mifereji ya tairi, nasi tukishika mwendo hurushwa nyuma. Mara nyingi jiwe halikufuati wewe, larushwa tu juu, na wewe ndiwe unayeliendea. Nguvu ya pigo haiongezeki sawa na mwendo, yaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Ukigongana na jiwe ukiwa 110, pigo ni karibu mara mbili ya lile la 80. Ukiwa nyuma yangu na huwezi kupita, rudi nyuma mpaka uione barabara mbele yangu. Hapo utapungukiwa na mawe zaidi kuliko kwa dawa yoyote ya dukani.

MzeeWaSpray

Mwanangu, hongera kwa gari. Nimepiga rangi magari tangu ujana wangu hapa Mombasa, niruhusu niseme kidogo.

Filamu ya kweli yazuia. Si karatasi ile ya kubadilisha rangi ya gari, hiyo ni nyembamba. Hii ni poliyurethani, plastiki inayonyumbuka, unene wake mikroni 150 hadi 200. Jiwe likigonga, filamu yabonyea na kurudi, pigo linatawanyika kabla halijafika kwenye rangi. Wamarekani waliitumia kwanza kwenye mapanga ya helikopta zao wakati wa vita vya Vietnam, kwa sababu mchanga na vifusi vilikuwa vikiyala. Zilizo bora zina tabaka la juu linalojifunga: mkwaruzo mdogo ukipata joto unajiziba wenyewe. Huko kwenye nchi za baridi wanamwagia maji ya moto. Hapa egesha nje saa saba mchana, jua litakufanyia kazi bure.

Jiwe kubwa likija kwa kasi litapasua filamu na rangi pamoja, usiahidiwe vinginevyo. Na haizuii bonde, yaani bati kubonyea.

Sasa hiyo rangi yako. Mazda waiita Soul Red Crystal, nambari yake 46V, ithibitishe kwenye kibati cha gari. Ina matabaka matatu: la chini linaloakisi mwanga, lina vipande vidogo vya alumini, la kati jekundu linalopitisha mwanga, halafu klia juu, ile rangi angavu ya kinga. Kuipata sawasawa kwa spray ni kazi. Ukizidisha tabaka la kati kidogo, boneti yawa nyeusi kuliko madigadi, na mwenye macho ataona kutoka ng'ambo ya barabara. Gari jeupe ningekwambia lipigwe rangi ukichoka nalo. Hili, rangi ya kiwandani ikiwepo, ni kitu cha kulinda.

Nimesema ikiwepo. Unayo karatasi ya mnada kutoka Japani, ile inayoandika hali ya gari? Itazame kabla hujalipa mtu yeyote.

KijanaTudor

Kwa heshima ya mzee, mimi naona pesa nyingi mno. Laki na kumi! Gari utaiuza baada ya miaka minne mitano. Nunua kalamu ya rangi ya nambari yako, kila mwisho wa mwezi uzibe vidonda, basi. Vidonda vya mbele ni vya kutumia gari. Kioo cha mbele ndicho kinachoniogopesha mimi, na filamu hizo haziwekwi hapo. Angalia bima yako inakulipia kioo mpaka shilingi ngapi.

Probox_Likoni

Mimi niliweka nikajuta, na sijutii filamu, najutia fundi. Sitalitaja duka. Probox nyeupe ya biashara, nikapata bei nzuri mno: 30,000 mbele yote. Mwaka wa pili boneti ikawa rangi ya meno ya mzee mvuta tumbaku. Nilipouliza kwa wanaojua nikaambiwa ile ilikuwa ya PVC, plastiki ya aina nyingine, jua la pwani lazigeuza manjano haraka.

Hilo si baya zaidi. Walipoibandua, kando ya boneti kulikuwa na mstari mwembamba wa kutu, umenyooka kama wa rula. Walikuwa wamekata filamu juu ya gari kwa wembe, wakakata na rangi mpaka bati. Hewa ya chumvi ya hapa Likoni haikuhitaji muda. Dada, uliza: mwakata kwa mashine kabla ya kubandika, au kwa wembe juu ya gari langu? Akisitasita, ondoka.

BiSalma_Mtwapa

Mwaongea kokoto tu, na kunguru je? Mimi naegesha chini ya mwembe. Wakinya asubuhi na jua likapiga hadi saa nane, doa halitoki tena, limeshaila klia. Ninayo filamu mwaka wa tatu sasa. Madoa hushika kwenye filamu vilevile ukichelewa, lakini yameshika kwenye plastiki, rangi i salama chini. Naweka chupa ya maji na kitambaa laini ndani ya gari. Usisugue pakiwa pakavu, lowesha kwanza.

Na ukiwekewa, usiioshe wiki nzima. Utaona vitone vya maji ndani, utadhani wameharibu. Hukauka vyenyewe baada ya wiki kadhaa, na kwa unyevu wa huku hukawia. Kina wale wa mashine za presha usiwaache wailenge kwenye kingo, yainuka.

NyotaYaKongowea

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Karatasi nimeitoa. Daraja ni 4. Bampa la mbele limeandikwa A1, boneti W1, mlango wa nyuma kushoto U1. Niliponunua niliambiwa "vitu vidogo vidogo" nikaridhika. W1 ni nini?

MzeeWaSpray

Marahaba mwanangu. A ni mkwaruzo, U ni bonde dogo, na 1 ni kidogo kabisa. W ni mahali palipotengenezwa, na W1 ni kwamba pametengenezwa vizuri hata jicho halioni. Kwa hivyo boneti hiyo huenda ilishapigwa rangi Japani. Si aibu na si gari baya, lakini hesabu yako imebadilika.

Tafuta mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, magari mengine ya Kijapani hushuka chini kidogo ya hapo. Pima paa kwanza, paa huguswa mara chache, upate kianzio. Kisha madigadi, milango, boneti. Ukipata boneti ni mara mbili ya paa, ilipigwa. Ukipata mamia mengi, kuna pati chini, ile ya kujazia palipobonyea. Bampa ni plastiki, kipimo cha kawaida hakisomi hapo, litazame kwa tochi usiku.

NyotaYaKongowea

Nimepima leo kwa jamaa wa Changamwe. Paa 101. Madigadi 108 na 112. Milango yote kati ya 104 na 120. Boneti 238 upande wa kulia, 261 katikati.

Nimehuzunika kidogo. Je, niongeze filamu juu yake hasa, ili isiharibike zaidi?

MzeeWaSpray

La, usihuzunike. Hapana pati hapo, ni rangi juu ya rangi, na kama wewe na muuzaji hamkuiona kwa macho basi aliyeipiga alikuwa fundi.

Lakini filamu kwenye boneti mimi nisingeweka. Gundi ya filamu hushika kwa nguvu. Siku ya kuibandua, rangi ya kiwandani iliyookwa kwa joto kali hubaki mahali pake. Rangi ya gereji, hujui ilisafishwaje chini wala praima yake, rangi ya kwanza ya chini, ni ipi, na yaweza kutoka kipande kizima pamoja na filamu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, mwenye gari alilia mbele yetu. Fundi yeyote mwaminifu atakutilia sahihi kwamba boneti hana dhamana nayo.

Fikiri hivi. Unalipa filamu ili kulinda kitu kisichorudi, na kwenye boneti hicho kitu kilishaondoka kabla gari halijapanda meli. Vidonda vyake zibe kwa kalamu mapema, hasa kile ulichosema cheupe ndani. Cheupe mara nyingi ni praima, bado hakijafika bati, kwa hivyo una nafasi. Kikifika bati na hewa ya bahari ikaingia, utaona rangi ya chungwa pembeni upesi. Miaka mitatu minne ijayo ikichoka, ipigwe rangi tena na mtu anayeijua 46V.

Pesa yako ipeleke kwa madigadi, chini ya milango pale matairi yako mwenyewe yanaporusha mawe, upinde wa gurudumu la nyuma, taa na vioo. Watu hulinda mbele tu na kusahau ubavuni. Taa usiziache, plastiki yake jua la hapa laifanya ukungu.

KijanaTudor

Hapo mzee umenishika. Sikufikiria ubavuni kabisa. Na bampa je?

MzeeWaSpray

Bampa weka. Hata likiwa lilipigwa rangi, na likibanduka siku ya kutoa, kulipiga upya ni rahisi kuliko boneti. Na ndilo linalokula mawe kwanza. Ila mikwaruzo ya A1 izibwe kwanza, filamu haifichi kitu, hukionyesha vizuri zaidi.

TrelaMbiliMia

Na akipiga rangi popote kwanza, asibandike wiki hiyo. Mpwa wangu aliambiwa angoje angalau siku thelathini rangi ipumue.

NyotaYaKongowea

Nimeamua. Nimerudi kwa fundi wa Nyali na vipimo vyangu kwenye karatasi. Alipoona 261 akasema mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, kwamba boneti hataki kuigusa bila kuniandikia. Hapo nikamwamini. Wanakata kwa mashine, chumba kimefungwa na kina AC, na boksi la roli nimelisoma: poliyurethani, mikroni 190, dhamana miaka saba ya kutogeuka manjano. Kwa bampa, taa, vioo, madigadi, chini ya milango na matao ya nyuma tumekubaliana 68,000. Inayobaki kwenye ile laki na kumi imeenda kwa matairi mawili, na mume wangu ametabasamu.

Kile kidonda cha Mazeras nimekiziba mwenyewe Ijumaa kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja, nikangoja, tone la pili. Ukikitafuta utakiona, lakini cheupe hakipo tena.

BiSalma_Mtwapa

Mashallah. Tuwekee picha ikitoka. Na ile chupa ya maji usiisahau.

NyotaYaKongowea

Imetoka jana jioni Bi Salma, ina vitone vya maji kwenye digadi ya kulia kama ulivyosema. Naviacha. Leo nimekwenda Voi na kurudi, na kutoka Mariakani mpaka Miritini nilikaa nyuma ya trela mbali hata nikaona barabara mbele yake. Watu walinipigia honi, wawili wakaniingilia katikati. Nikarudi nyuma tena.