Mrejesho: ule mkate wa chachu ya kienyeji umekubali

Wakuu nimerudi. Si niliwauliza mwezi uliopita kwa nini chachu yangu ya unga na maji haiumuki, siku ya tisa imetulia tu kama uji uliolala? Aisee kumbe ni baridi, mnaijua Arusha ya Julai, na mimi naiweka dirishani kabisa. Yule dada aliyesema niisogeze karibu na jiko na nichanganye atta kidogo (ule unga wa ngano usiokobolewa) Mungu ambariki, siku ya tatu ikapanda mara mbili, inanukia kama mbege mpaka mama mkwe akauliza nani kaingiza pombe humu ndani 😂

Nilitumia unga gramu 500, maji 350, chachu 100, chumvi 10, nikaacha uumuke masaa kama 9 hivi halafu nikaoka kwenye sufuria nzito, mkaa juu na chini, maana oveni sina. Wa kwanza niliukata ukiwa wa moto ndani ukawa unanata nikajua haujaiva, kumbe ulitakiwa upoe kwanza. Wa pili sasa, ganda linalia kabisa, watoto wakaumaliza na chai ya rangi hata picha sijapiga. Ila chini uliungua, mwenye mbinu ya kupunguza moto wa chini anisaidie.