Tupeane uzoefu: Mnakimbia mbio kifamilia, mshindi mnampataje?

Mleta mada (Moshi)

Wadau wa mbio, habari za leo. Kilimanjaro Marathon ikikaribia, familia nyingi hujiandikisha pamoja: baba, mama, watoto wakubwa, shemeji, mpaka binamu. Utani unaanza mapema kwenye grupu la WhatsApp, "mwaka huu nakuacha mpando wa Mweka", halafu siku yenyewe kijana wa miaka 24 anamshinda baba wa miaka 55 kama kila mtu alivyojua tangu mwanzo. Huo si ushindani. Tupeane uzoefu: mnaweka kanuni gani ili kila mmoja awe na nafasi ya kweli ya kushinda? Mazoezi mnafanyaje wakati kasi hazilingani? Na nini huwa kinaharibu? Naomba tuweke hesabu na hatua. Visa vya nani alimcheka nani tuviache vya nyumbani.

Mdau wa Dar

Mkuu, njia ya uhakika ni kuachiana dakika. Wiki tatu au nne kabla, wote mkimbie kilomita 5 kwa nguvu zote, asubuhi moja, mahali pamoja. Uwanja wa mita 400 ndio bora, mizunguko 12 na nusu kwenye mstari wa ndani, hakuna kubishania saa ya nani iko sahihi.

Tuseme baba katumia 31:00, binti 27:30, kaka 23:00. Siku ya kushindana wenyewe kwa wenyewe, baba anatoka wa kwanza. Binti anatoka dakika 3 na sekunde 30 baadaye. Kaka anasubiri dakika 8 kamili. Kwa hesabu wote wanatakiwa wafike dakika ya 31, kwa hiyo anayetangulia ni yule aliyepita kipimo chake mwenyewe. Hapo ndipo mbio zinapokuwa tamu: mita 300 za mwisho baba anasikia raba zinagonga lami nyuma yake na hajui ni za binti au za kaka.

Kwenye mbio rasmi mnatoka pamoja, halafu dakika mnazitoa kwenye matokeo. Ila msizidishe pengo kwa umbali tu. Wengi wanakosea hapa: pengo la 8:00 kwenye kilomita 5 wanalifanya 16:00 kwenye kilomita 10. Mtu hapotezi kasi kwa uwiano huo, umbali ukiongezeka kila mmoja anapungua mwendo kidogo. Fomula ya Peter Riegel, inayotumika sana kwa wakimbiaji, inazidisha muda wa kilomita 5 kwa 2.085 kupata wa kilomita 10, na kwa 4.6 kupata wa nusu marathoni. Kwa familia yetu hii:

Kilomita 10: baba 1:04:38, binti 57:20, kaka 47:57. Kaka anamwachia baba 16:41, binti anamwachia 7:18.

Kilomita 21.1: baba 2:22:36, binti 2:06:30, kaka 1:45:48. Mapengo yanakuwa 36:48 na 16:06.

Sekunde 41 kwenye kilomita 10 zinatosha kabisa kumnyang'anya mtu ushindi wake wa haki.

Angalizo: fomula inachukulia kwamba mtu amefanya mazoezi ya umbali huo. Ambaye mbio yake ndefu kuliko zote ni kilomita 12 atakuja nyuma ya makadirio kwenye 21, hata kama kilomita 5 zake ni kali. Hilo ni kosa lake, asiongezewe dakika.

Mdau wa Mwanza

Na kuna wale wanaojificha siku ya kipimo. Anakimbia kama anasindikiza harusi, anapewa dakika nyingi, siku ya mbio anafumua. Dawa yake: pengo lihesabiwe kwa muda bora wa mtu ndani ya miezi 12, si muda wa mwisho. Na yeyote atakayepita makadirio yake kwa zaidi ya asilimia 5, ushindi wake haupokewi na kipimo kinaandikwa upya palepale. Kwa mtu wa dakika 31, asilimia 5 ni sekunde 93. Hakuna anayeboreka kiasi hicho kwa wiki tatu isipokuwa alikuwa amejificha, au ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Mgeni wa mbio mumwache ashiriki mara mbili au tatu bila kuhesabiwa kwanza, mjue kasi yake halisi.

Mdau wa Arusha

Nyongeza kwa familia zenye tofauti kubwa ya umri. Yapo majedwali ya World Masters Athletics, chombo cha riadha ya wakongwe duniani, yanayolinganisha muda wako na kiwango cha juu kabisa cha umri wako na jinsia yako. Vikokotoo vyake viko mtandaoni bure. Unaingiza umri, jinsia, umbali na muda, unapata asilimia. Kwa kawaida asilimia 60 huhesabiwa kiwango cha eneo lako, 70 cha mkoa, 80 cha taifa, 90 cha dunia. Mama wa miaka 52 anaweza kumaliza nyuma ya mwanawe kwa robo saa na bado akamzidi kwa asilimia, na hapo kijana hana la kusema.

Udhaifu wake: jedwali halijui mlima wala joto. Linganisheni watu waliokimbia mbio moja, siku moja. Asilimia ya Moshi usiilete kwenye mabishano na aliyekimbia Dar.

Mdau wa Tanga

Muda ni ule wa chipu, kile kifaa kidogo kinachorekodi muda wako. Muda wa bastola ya kuanzishia mbio unaanza kuhesabu kabla hujafika mstari wa kuanzia. Ukiwa nyuma ya watu elfu kadhaa unaweza kupoteza dakika tatu umesimama. Chipu kwa kawaida imebandikwa nyuma ya namba ya kifuani. Bana namba kwa pini nne, mbele, juu ya nguo ya nje kabisa. Usiikunje, usiifunike kwa mkanda wa simu. Mkeka wa kupimia muda uliotandazwa njiani ukishindwa kuisoma chipu huna muda, na bila muda huna hoja.

Saa ya mkononi isitumike kuamua. Njia ya mbio rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona, na huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi. Ndiyo maana saa inasoma 21.3 au 21.4 na mtu anadai "mimi 21 niliimaliza mapema". Kona ulizozichukua kwa nje ndizo zilizokuongezea. Na ole wake anayesimamisha saa kituo cha maji halafu anatuma picha ya "muda wa kukimbia". Hesabu ni kuanzia mkeka wa kwanza hadi wa mwisho, ukiwa umesimama, umetembea au umefunga kamba.

Namba msibadilishane hata kama ni mapacha. Matokeo ya rika na jinsia yanavurugika, na mbaya zaidi, ukianguka watoa huduma watasoma jina, umri na simu ya dharura ya mtu mwingine.

Mleta mada (Moshi)

Asante sana wadau. Kwa wanaokuja huku kwetu, niongeze la njia. Ile ya 21 inatoka Chuo Kikuu cha Ushirika, inapanda kuelekea Mweka, kisha inarudi mjini kwa kuteremka. Ukishika mwendo wa wastani wa muda unaoutaka tangu kilomita ya kwanza umekwisha. Mfano mtu anataka 2:00 kamili, wastani wake ni 5:41 kwa kilomita. Kwenye mpando mwendo huo unamwingiza kwenye deni la pumzi, na ndugu aliyemwacha kwa mbwembwe anampita kwenye mteremko bila kutumia nguvu.

Kipimo cha mpando ni sentensi. Ukiweza kusema maneno sita saba kabla ya kuvuta pumzi, uko salama. Ukibaki na neno moja moja, punguza hata kama mdogo wako anapotea machoni. Fupisha hatua, piga mikono, macho mita kumi mbele.

Mteremko nao unataka mazoezi yake. Misuli ya mbele ya mapaja inakaza huku inavutwa, na ambaye hajaizoesha anaanza kushikwa kilomita nne tano kabla ya chuo. Makosa ni kutupa mguu mbele na kutua kwa kisigino, kila hatua inakuwa breki. Tua chini ya mwili, hatua ndogo za haraka. Mara moja kila siku kumi hivi, mteremke kwa mwendo wa wastani kilomita 2 hadi 3. Siku inayofuata msikimbie kwa nguvu.

Wa 42 ndio wajihadhari zaidi, maana mpando wao unakuja nusu ya pili, miguu imeshachoka.

Mdau wa Eldoret

Salamu kutoka juu. Familia za huku mara nyingi zimetawanyika: mmoja Iten, karibu mita 2,400, mwingine Mombasa usawa wa bahari. Mkikutana Nairobi, wa Mombasa anaumia kwa hewa nyepesi. Mkikutana Mombasa, wa Iten anaumia kwa joto na unyevu, na mara nyingi anashangaa kwa nini. Haki ni kupokezana: mwaka huu juu, mwaka ujao pwani, mjumlishe mapengo ya mara mbili.

Anayepanda kutoka pwani, afike usiku wa kuamkia mbio au afike wiki mbili na zaidi kabla. Siku tatu hadi saba za mwanzo huwa mbaya kuliko zote: usingizi mbovu na mwili bado haujazoea.

Mbio za Lewa, hapa Kenya, mzihesabu peke yake. Ni barabara za vumbi ndani ya hifadhi, vilima mfululizo, na wa 42 wanazunguka njia ya 21 mara mbili. Muda wa Lewa usiupeleke lami ya Nairobi, wala wa Nairobi usiulete Lewa kuweka pengo.

Mdau wa Dodoma

Kwenye mazoezi ndipo familia zinapoharibika, kila jioni inageuzwa fainali. Watu wanafika siku ya mbio na mishipa ya kisigino imevimba. Kanuni moja: siku nyepesi aliye polepole kuliko wote ndiye anaongoza, na hakuna kumpita.

Mbio ndefu mfanye kwenda na kurudi kwa dakika. Mnatoka pamoja, kila mtu kwa mwendo wake, mkigonga dakika 40 kila mmoja anageuka hapohapo alipo. Wa mbele anakuwa nyuma, na kama kila mmoja ameshika mwendo wake mnafika nyumbani pamoja. Aliyerudi kwa kuchelewa alianza kwa kasi asiyoiweza, na kila mtu anaona. Vilima hivyohivyo: sekunde 60 kupanda, kila mtu anaishia anapoishia, mnashuka mkitembea mpaka chini, mnaanza tena pamoja. Mara 6 kwa wanaoanza, 10 kwa waliozoea.

Hata mabingwa ndugu hufanya mazoezi pamoja na kushindana kwelikweli. Helsinki 2005, kwenye mashindano ya dunia, Tirunesh Dibaba alichukua dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000, na dada yake Ejegayehu shaba zote mbili. Hakuna aliyemwachia mwenzake.

Mdau wa Morogoro (mhudumu wa afya)

Naomba hili lisomwe taratibu. Kuna wanaomeza diklofenaki au ibuprofen asubuhi ya mbio ili goti lisiwaangushe mbele ya mashemeji. Msifanye hivyo. Ukikimbia mwili unapungukiwa maji na damu inayokwenda kwenye figo inapungua. Dawa hizo zinaipunguza zaidi. Figo zinaweza kufeli ghafla. Pia zinaficha maumivu ambayo yangekuambia usimame.

Aliyepita miaka 40, au mwenye presha, kisukari au historia ya moyo kwenye ukoo, apime mwezi mmoja kabla, si juzi yake. Kifua kubana, kizunguzungu, moyo kurukaruka: simama, ita huduma, mbio zimeisha.

Maji: kunywa kwa kiu. Anayemaliza kwa saa tatu ndiye hushauriwa na ndugu zake "kunywa, kunywa" kila kituo, na ndiye aliye hatarini kunywa kupita kiasi mpaka chumvi ya damu inashuka. Kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, anachanganyikiwa. Huyo usimwongezee maji, mpeleke hema la huduma.

Ukimwona nduguyo anayumba au anajibu vitu visivyoeleweka kwenye joto, ushindani umekufa hapo. Kivulini, mmwagie maji mwili mzima, barafu shingoni na kwapani, gari la wagonjwa liitwe.

Mdau wa Dar

Naunga mkono. Pia zawadi iwe ndogo na itajwe kabla: supu ya asubuhi, kufua raba za mshindi, kulipa nauli ya kurudi. Pesa nyingi ikiingia, watu wanakimbia na majeraha. Na utani uishie kwenye miguu. Uzito wa mtu na mwili wa mama aliyetoka kujifungua si mada.

Mdau wa Mwanza

Swali: mkishatoa mapengo, wawili wakafungana hadi sekunde?

Mdau wa Arusha

Angalieni vipande. Matokeo mengi yana muda wa nusu njia. Gawanya njia mara mbili. Ambaye mwendo wake wa nusu ya pili umepungua kidogo kuliko ulivyopungua wa mwenzake ndiye mshindi, kwa sababu aligawa nguvu zake vizuri. Kwa Moshi hiyo haifai, nusu ya pili ya 21 ni mteremko. Huko tumieni asilimia za umri.