Kumpokea mfiwa kwenye ofisi ya mazishi: tuseme nini, na mpaka wetu uko wapi?

MapokeziKisumu
Habari zenu wadau. Nimeajiriwa mapokezi kwenye ofisi ya huduma za mazishi hapa Kisumu. Majeneza, hema, gari la maiti, bei, hayo yote nimeelekezwa. Sijaelekezwa namna ya kukaa na watu wenyewe. Familia inaingia: mjane kanyamaza, mashemeji wanaongea wote kwa pamoja, mtoto wa miaka sita kashikwa mkono na shangazi. Nimesoma zile hatua tano za majonzi (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali) lakini sioni zinanisaidia nini mtu akiwa mbele yangu. Nianzie wapi? Wakitaka kuona mwili, nifanyeje? Na mtu akizidiwa, mimi niishie wapi?

MochariMagharibi
Karibu kwenye kazi, dada. Nitajibu hilo la kuonyesha mwili, maana hapo ndipo mfiwa huumizwa bila sababu, na ndipo anapoweza kupata nafuu ya kwanza.

Kabla hujamwita mtu yeyote, linganisha lebo ya mkononi au mguuni na jina lililo kwenye rejista. Kumfunulia mtu maiti isiyo yake ni kosa ambalo "pole" hailiponyi. Kisha andaa mwili. Kanda ya ziwa hewa ina unyevu, kwa hiyo mwili ukitoka kwenye jokofu matone ya maji hujitokeza usoni baada ya muda mfupi. Mama akiyaona atasema mwanawe anatoka jasho, hajafa, na kumtuliza hapo ni shughuli kubwa. Utoe mapema, upanguse kwa taulo kavu, usubiri, upanguse tena hadi ngozi ikauke. Angalia pua na mdomo. Kama kuna majimaji, badilisha pamba. Funga macho na mdomo. Omba picha ya marehemu ili nywele zichanwe alivyozoea mwenyewe. Mfunike shuka safi hadi kifuani, mkono mmoja ubaki nje, kwa kuwa wengi huogopa kugusa uso lakini mkono wataushika.

Halafu toka nje uwaambie wanachokwenda kuona, kwa maneno wazi: "Atakuwa baridi na mgumu. Rangi yake imebadilika kidogo kwa sababu ya dawa. Hapa kichwani ameshonwa, tumemfunga kitambaa." Anayejua atakachokuta hashtuki sana. Waingie wawili wawili, kiti kiwe karibu, mlango usifungwe. Anayekataa asisukumwe, na anayepiga nduru asinyamazishwe. Huku kwetu kulia kwa sauti ni heshima kwa aliyekufa.

Kama ajali imeharibu uso, usiseme "yuko sawa tu". Sema umeharibika, kisha wape njia nyingine: mkono, kovu wanalolijua, nguo alizovaa. Kwa ule utambuzi wa mwili kabla ya upasuaji wa kutafuta chanzo cha kifo, shauri familia itume mjomba au binamu, mzazi abaki nje kama inawezekana. Picha hiyo haitoki kichwani.

Mshauri_Nakuru
Hapo juu umejibiwa vizuri. Mimi niguse hatua tano. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si na wafiwa. Zimegeuzwa ngazi, watu wanasubiri mfiwa "afike" kwenye hasira kisha "afike" kwenye kukubali. Majonzi hayaendi hivyo. Mtu anaweza kubishana bei ya hema saa nne akiwa mkavu kabisa, na saa nne na nusu akaanguka kwa kuona shati la marehemu. Zote mbili ni kawaida. Mjane aliyenyamaza usimhesabie kwamba haumii.

Ukimpokea, mpe kiti na maji kwanza, karatasi baadaye. Jitambulishe, uliza jina la marehemu na ulitumie. Ukishasema "maiti" au "mwili" mara tatu mfululizo, familia inasikia mzigo. Acha kabisa "Mungu alimpenda zaidi", "jikaze", "angalau ameacha watoto". Pole, kisha kimya, inatosha. Mambo ya kuamua yape mpangilio: leo ni kibali cha mazishi na siku, jeneza na wasifu vinaweza kungoja kesho. Mfiwa hasahau kwa uzembe, akili yake imejaa. Kwa hiyo mwandikie kwenye karatasi moja kiasi walichokubali, nani atalipa na kinacholetwa lini. Ugomvi mwingi wa pesa baada ya mazishi huanzia kwenye jambo lililosemwa tu kwa mdomo.

Mpaka wako: sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka anayefanya ushauri nasaha awe amesajiliwa. Wewe unatoa msaada wa kwanza: unaangalia, unasikiliza, unamuunganisha na anayeweza zaidi. Anayesema anataka kumfuata marehemu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mwite jamaa anayemwamini, na apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti siku hiyohiyo. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, iwe imebandikwa mezani.

Mwalimu_Bungoma
Kuhusu mtoto wa miaka sita: mwambieni "Baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi tena, hatarudi." Akiambiwa amelala, ataogopa kulala. Akiambiwa amesafiri, atamngoja. Aulizwe kama anataka kuona, na akitaka awe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni yeye tu, aliye tayari kutoka naye wakati wowote. Atauliza swali lilelile mara nyingi. Ajibiwe vilevile kila mara.

Mashemeji: uliza, "Nani anasema kwa niaba ya familia?" uandike jina lake. Kisha mgeukie mjane, kwa jina, "Mama, wewe ungependa avae nini?" Kamati ya mazishi huwa na wanaume wengi wenye sauti, na mjane anaweza kufika kaburini bila kuulizwa lolote. Pia usikisie mila kwa kusikia ukoo. Kuna Waluo watakaofanya tero buru, ile mila ya kufukuza kifo kwa ng'ombe na nyimbo, na wengine ambao kanisa lao halitaki. Kuna Wabukusu watakaoketi kumuse, kikao ambapo mzee wa mila huwahutubia waombolezaji, siku chache baada ya kuzika, na wasioketi. Mwislamu anataka kuzika haraka, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Uliza.

MapokeziKisumu
Asanteni sana, nimeandika yote. Swali la mwisho: wakitofautiana mahali pa kuzika, mbele yangu?

MochariMagharibi
Usiamue, na usionyeshe upande. Mnajua kesi ya wakili S.M. Otieno: alifariki Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, baada ya mjane na ukoo kuvutana mahakamani. Miezi yote hiyo hakuna aliyeweza kuomboleza kwa utulivu. Watenganishe vyumba, msikilize kila upande peke yake, waombe mzee au kiongozi wa dini wanayemheshimu wote aje. Mwili utoke kwa aliyetia sahihi tu, na amri ya mahakama ikifika, kila kitu kisimame.

Mshauri_Nakuru
Niongeze jambo moja linalosahaulika. Hema likishang'olewa na wageni wakaondoka, ndipo mjane hubaki na nyumba. Weka kwenye daftari siku ya kumpigia: wiki mbili baada ya mazishi, kisha karibu na mwaka kutimia. Usiulize deni kwenye simu hiyo. Muulize analala, anakula, nani yuko naye. Miezi ikipita na bado hawezi kuamka, kupika wala kwenda shambani kwa sababu ya majonzi, mwelekeze hospitali. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaanza kuyaita majonzi ya muda mrefu kuwa ugonjwa yakipita miezi 6 na kuzidi kile ambacho mila na dini yake vinakitarajia, kwa hiyo kabla ya kumhukumu uliza pia kama kwao matanga yameisha.