Mama anaanza kiropraktiki, kiuno kinamuuma: tujue nini kabla?

MwanaKadutu (Bukavu)
Jambo kwenu. Mama yangu ana miaka 61, na kwa miaka mingi alibeba mizigo kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Kiuno kinamuuma tangu mwezi wa tatu. Anaenda Nairobi kwa dada yangu, na kule wamemchukulia randevu kwa mtaalamu wa kiropraktiki, wale wanaotibu mgongo kwa kuusukuma kwa mikono. Sisi huku tunajua kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) na waunga mifupa, basi. Afike na nini? Watamfanya nini? Anameza dawa ya tansiyo (presha), na zamani alimeza prednisoloni miezi mingi kwa ajili ya pumu.

Kine_Himbi (Goma)
Pole kwa mama. Vizuri umetaja prednisoloni, hiyo ndiyo habari nzito kuliko zote. Dawa hiyo ikimezwa muda mrefu inadhoofisha mifupa, na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi mifupa yake imekwisha kupungua. Akisukumwa kwa nguvu, ubavu unaweza kuvunjika au pingili ya mgongo ikabonyea. Aiseme hata asipoulizwa, na aombe mikono ya polepole, bila msukumo wa ghafla.

Huo msukumo ndio alama ya kiropraktiki tangu D. D. Palmer alipoianzisha Davenport, Marekani, mwaka 1895: kiungo kinasukumwa haraka, umbali mfupi sana. Ule mlio wa "ka!" si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi ndani ya maji ya kiungo. Usiposikika, tiba haijashindwa.

Randevu ya kwanza inaweza kuchukua dakika 45 hadi saa nzima, na sehemu kubwa ni maswali. Kisha presha, nyundo ndogo kwenye goti na nyuma ya kifundo cha mguu, halafu analazwa chali na mguu ulionyooka unainuliwa. Maumivu yakishuka mpaka chini ya goti mguu ukiwa kati ya digrii 30 na 70, huenda mshipa wa fahamu unabanwa. Mtu anayeshika mgongo kabla ya kuuliza lolote, mama ashuke mezani aondoke.

Nesi_Ibanda (Bukavu)
Naongeza la kwetu: kifua kikuu hukaa hata kwenye uti wa mgongo, bila kikohozi. Maumivu yasiyotulia hata akilala, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au pingili moja iliyojitokeza kama kinundu. Akiwa na moja ya hizo, asiguswe na mtu wa kusukuma pingili. Aanze kwa docta. Radio (picha ya eksirei) ya mwanzo inaweza kutoka safi na ugonjwa upo, kwa hiyo dalili zikiendelea msitosheke na radio moja.

Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika sehemu anazokalia, au miguu ikilegea: hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

MwanaKadutu
Na shingo? Dada anasema wataitazama pia, kwa sababu ya ule mkanda.

Kine_Himbi
Kuitazama, sawa. Kuizungusha kwa ghafla, mimi ningekataa kwa mama huyu. Mishipa miwili ya damu inapita ndani ya pingili za shingo kwenda ubongoni. Ukuta wa mshipa ukichanika, damu inaganda na kuleta kiharusi. Ni nadra, lakini maumivu ya shingo yanaweza kutulizwa bila kucheza na hatari hiyo. Baada ya kikao, kizunguzungu kikali, kuona viwili, ulimi mzito, shida ya kumeza au kichwa kuuma kuliko siku zote: wasingoje kesho. Na anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, aseme kabla ya kulala mezani.

Nesi_Ibanda
Baada ya kikao mwili unaweza kuuma kama wa aliyelima, siku 1 au 2. Atembee kidogo kidogo, asilale kutwa. Bidoni la maji la lita 20 ni kilo 20: kwa siku hizo asiliguse. Avae nguo pana, achukue radio za zamani na vikopo vya dawa zote. Tansiyo asiache kumeza, hata akiambiwa mgongo ukinyooka presha inashuka.

Kuhusu pesa: wasilipe vikao 20 au 30 kwa mpigo. Vikao 2 kwa wiki, wiki 3, kisha apimwe upya. Kama hakuna nafuu hata kidogo baada ya vikao 6, watafute chanzo kingine, wasiongeze vikao.

MwanaKadutu
Aksanti sana. Namwandikia karatasi moja ya kumpa huyo mtaalamu, kwa Kiingereza: prednisoloni juu kabisa, na chini yake "shingo isizungushwe".