Besik ya Wakazakhi ina tundu katikati, la nini?

mgeni_almaty: Wadau, niko Almaty, Kazakhstan, masomoni, leo mama mwenye nyumba kanialika sherehe ya mjukuu wake kulazwa mara ya kwanza kwenye kitanda cha kubembea, wao wanakiita besik. Nimekichungulia, ni cha mbao, juu kina mti umelala kama mpini, sasa kigodoro kimetobolewa katikati na pembeni kuna kimti kama kiko cha kuvutia tumbaku. Nimeona aibu kuuliza, kazi yake nini jamani??

shemeji_wa_nyika: Hahaa mkuu hiyo ndo pampas yao! Hicho kimti kinaitwa shumek. Mtoto anafungwa vitambaa vipana kifuani na miguuni, hicho kimti kinakaa mapajani, mkojo unapita humo unashuka kwenye tundu mpaka kwenye kikopo chini. Kimti cha mtoto wa kiume na cha wa kike havifanani. Hawa walikuwa wafugaji wa kuhamahama, baridi ile unaijua, nepi utaanika wapi ikauke? Na mama ananyonyesha kwa kuinamia huo mpini, hata hamfungui mtoto.

mama_wawili_msa: Sisi Pwani tulilazwa kwenye susu na tukalala vizuri tu bila kufungwa kamba. Miguu ikibanwa imenyooka muda mrefu si nyonga zinaharibika? Mimi wangu nilikatazwa kliniki.

shemeji_wa_nyika: Kweli dada, hilo la nyonga madaktari wanalisema hata huko, ndo maana siku hizi wengine wanafunga miguu kwa kulegeza au wanamlaza humo kidogo tu. Mkuu wewe kaa karibu na lile tundu, kuna mchezo unaitwa tyshtyrma.

mgeni_almaty: Nimerudi. Bibi kapitisha moto kuzunguka kitanda huku anasema alas alas, wakafunika vitu saba, koti mpaka hatamu ya farasi ikawekwa juu! Halafu kamwaga pipi na jibini kavu kwenye tundu, kina mama wameweka mikono chini wanaulizana "tyshty ma?", maana yake eti amekunya?? nikacheka na pipi zangu nimekula. Ila kabla ya hapo nilikisukuma kidogo kikiwa kitupu nione kinavyobembea, nikapigwa kofi la mkono na bibi, kumbe kitupu hakibembezwi.

mama_wawili_msa: 😂😂 umekoma